LG OLED C1: mwendo safi na rangi sahihi kwa mwenye subira ya kuirekebisha

Tuanze na jibu. C1 ni TV ya OLED, yaani nukta zake ndogo za picha (pikseli) hujiwashia zenyewe, na ni nzuri sana kwa mtu anayetazama mpira na filamu jioni, pazia zikiwa zimefungwa, na aliye tayari kukaa na rimoti kwa muda akiirekebisha. Kwa sebule yenye madirisha mapana yasiyo na pazia, au kwa nyumba ambayo chaneli ya habari huwashwa asubuhi na kuzimwa usiku, tafuta LCD, yaani TV yenye taa nyuma ya kioo, iliyo na mwangaza mkali. Hata bei ya C1 ikishuka vipi, mtu huyo hatutamshauri ainunue.

LG waliitoa mwaka 2021 kwa inchi 48, 55, 65, 77 na 83. Leo wengi wataikuta ikiwa imetumika. Sababu ya kuizungumzia wakati matoleo mapya yamejaa madukani ni moja: C1 inaweza kuingiza giza kati ya fremu na fremu, yaani kati ya picha moja moja zinazounda video, kwa kasi ya 120 Hz (mara 120 kwa sekunde). C2 iliyofuata mwaka 2022 iliondolewa uwezo huo, ikabakiwa na giza la 60 Hz tu, ambalo jicho hulichoka haraka. Kwa anayejali usafi wa mwendo, C1 na mtangulizi wake CX ya 2020 zina kitu ambacho huwezi kukipata kwenye C2 kwa kubadilisha mpangilio wowote.

Ukungu wa mwendo kwenye TV bapa una vyanzo viwili, na watu huvichanganya. Cha kwanza ni uzito wa kioo chenyewe, yaani muda ambao pikseli huchukua kutoka rangi moja kwenda nyingine. Kwenye LCD za aina ya VA, kutoka nyeusi kwenda kijivu cha giza huweza kupita milisekunde 20, wakati fremu moja ya 60 Hz hukaa milisekunde 16.7 tu. Pikseli haijamaliza kubadilika, fremu nyingine imeshafika. Ndiyo maana kwenye mechi za usiku mchezaji mwenye jezi nyeusi huburuta kivuli nyuma yake. Pikseli ya OLED hubadilika chini ya milisekunde moja, kwa hiyo tatizo hili kwenye C1 limekwisha.

Chanzo cha pili hakiondolewi na wepesi wa kioo. Fremu huwaka na kukaa palepale mpaka fremu inayofuata ije. Jicho linaufuata mpira mfululizo bila kusimama, lakini mpira kwenye skrini umesimama milisekunde 20, kisha unaruka, kisha unasimama tena. Tofauti kati ya mwendo wa jicho na kusimama kwa picha ndiyo tunayoiona kama ukungu. Hesabu yake ni rahisi: kwa kitu kinachokwenda pikseli 1000 kwa sekunde, kila milisekunde ambayo fremu inabaki imewaka huongeza ukungu wa pikseli moja.

Chukua kamera inayofuata pasi ndefu, uwanja ukivuka skrini yenye pikseli 3840 kwa sekunde 2. Hiyo ni kasi ya pikseli 1920 kwa sekunde. Matangazo ya fremu 50 kwa sekunde huacha ukungu wa pikseli 38 hivi, na namba mgongoni mwa mchezaji haisomeki. Fremu zikiwa 100, ukungu unashuka hadi pikseli 19. Fremu ikiwaka milisekunde 3 au 4 tu, kisha giza likaingia, unabaki na pikseli 6 hadi 8. Hapo unaona mishono ya mpira.

Usinunue TV yoyote kwa kuangalia namba ya mwendo iliyoandikwa kwenye boksi. Maandishi ya aina ya Motion Rate 120 mara nyingi yanakaa juu ya kioo cha 60 Hz. Muulize muuzaji kasi halisi ya kioo. Ya C1 ni 120 Hz kweli, na matundu yake manne ya HDMI yote ni ya toleo la 2.1, yanapokea 4K ya fremu 120.

Mpangilio wa mwendo uko kwenye mipangilio ya picha, sehemu ya Advanced Settings, chini ya Clarity, kisha TruMotion. Chagua User Selection. Utakuta De-Judder, De-Blur na OLED Motion Pro, na kila kimoja kina kazi yake. De-Judder hubuni fremu za katikati kwa picha za fremu 24 hadi 30, yaani filamu na tamthilia. De-Blur hufanya hivyo kwa picha za fremu 50 au 60, yaani mpira na michezo mingine ya moja kwa moja. OLED Motion Pro haibuni kitu. Ndiyo inayoingiza giza, kwa ngazi za Low, Medium, High na Auto.

Kwa mpira anza hivi: De-Judder 0, De-Blur 5, OLED Motion Pro ikiwa imezimwa. Tazama dakika kadhaa, kisha panda De-Blur hadi 8. Ukiona ukingo wa miguu ya wachezaji unachemka, wavu wa goli unakatikakatika, au mpira unapotea kwa nukta ya sekunde unapopita mbele ya mashabiki, umezidisha. Prosesa imekisia vibaya kitu kilikuwa wapi. Rudi 4 au 5. Ndipo uwashe OLED Motion Pro kwenye Low, kisha ujaribu Medium.

High tunaiacha, kwa sababu mbili. Kwanza inakula zaidi ya nusu ya mwangaza. Pili, kwa picha ya fremu 60 hupepesa waziwazi, na macho huuma kabla ya mapumziko. Hakuna ujanja hapa, ni suala la hesabu: fremu zikiwa 60 kwa sekunde, giza likiingia mara 60 jicho linaona kupepesa, likiingia mara 120 bila fremu za kubuni, kila fremu inaonekana mara mbili na ukingo wa kila kitu unakuwa na pacha wake. Picha ya 50 ni mbaya zaidi kwa kupepesa. Kwa hiyo faida kamili ya giza la 120 Hz utaipata kwenye chanzo chenye fremu 120 halisi, kama mchezo wa PlayStation 5, Xbox Series X au kompyuta ambao kweli unatoa fremu hizo bila kushuka. Ukitumia Medium kwenye chanzo hicho, unapata picha safi sana. Kumbuka tu kwamba giza na VRR (kioo kubadilisha kasi yake kufuata fremu za mchezo) havikai pamoja; ukiwasha kimoja, kingine kinakuacha. Kwa mchezo ambao fremu zake zinapanda na kushuka, chagua VRR.

Filamu ni kesi ya kinyume. Fremu 24 kwa sekunde maana yake kila moja inakaa karibu milisekunde 42, na kwa kuwa pikseli za OLED hubadilika papo hapo, kamera ikigeuka taratibu picha inaonekana kukwamakwama kuliko kwenye LCD, ambayo uzito wake huificha hali hiyo. TV haijaharibika. Weka De-Judder 2 au 3, kukwama kunalainika bila filamu kugeuka kuwa kama tamthilia ya studio. Ukifika 5 umeshaiharibu.

Kabla ya kulaumu kioo, kagua king'amuzi. Matangazo ya Afrika Mashariki ni ya 50 Hz. King'amuzi kikiwekwa kutoa 60 Hz, kinalazimika kurudia fremu 10 kila sekunde ili hesabu itimie, na kila marudio ni mshtuko mdogo kamera inapotembea. Hakuna TruMotion itakayoufuta, maana fremu zimeshaharibika kabla ya kufika kwenye TV. Ingia kwenye mipangilio ya picha ya king'amuzi, chagua 1080i (mistari ya picha hutumwa nusu kwa nusu) au 1080p (mistari yote kwa pamoja) ya 50 Hz. Kama chaneli unazotazama zaidi hutangazwa kwa 1080i, jaribu kwanza kutoa 1080i na uiache TV iunganishe mistari yenyewe. Prosesa ya C1 kwa kawaida huifanya kazi hiyo vizuri kuliko ile ya king'amuzi cha bei ya chini. Kwa vijiti na visanduku vya kutazamia intaneti, ambavyo vingi hukaa kwenye 60 Hz muda wote, tafuta mpangilio wa kufuata kasi ya fremu ya video yenyewe. Apple TV 4K na Fire TV wanao.

Sasa rangi. Ikitoka kwenye boksi, au ikiwa imerejeshwa upya, C1 huwaka kwenye hali yenye nyeupe ya kibluu, na hali ya Vivid ndiyo mbaya kuliko zote: ngozi ya mtu inakuwa na rangi ya chungwa na nyasi za uwanja zinang'aa kama taa ya neoni. Hatua ya kwanza ni kuiacha hali hiyo kabisa. Chagua Filmmaker Mode, au moja kati ya hali mbili za Expert, ya mchana na ya usiku. Zima kuokoa umeme, zima marekebisho yote ya picha yanayoanza na AI, weka rangi kwenye 50, ukali wa picha 10 au chini, joto la rangi kwenye Warm 50. Gamma, yaani jinsi mwangaza unavyopanda kutoka nyeusi hadi nyeupe, weka 2.2 kwa chumba chenye mwanga, BT.1886 kwa chumba cha giza. Color Gamut iache kwenye Auto Detect. Mpangilio huo hujitegemea kwa kila tundu, na picha za kawaida na zile za mwangaza mpana (HDR), yaani HDR10 na Dolby Vision, kila moja ina hali zake. Rudia kote, ama sivyo utarekebisha king'amuzi ukaacha kijiti cha intaneti kikiwa vilevile.

Siku mbili za mwanzo Warm 50 itaonekana ya njano. Jicho lilizoea nyeupe ya kibluu. Vumilia, kisha rudi kwenye Vivid uone jinsi nyuso zilivyokuwa zikidanganya.

Kwa wengi hapo panatosha. Anayetaka usahihi zaidi anahitaji kipimo cha rangi, kwa mfano i1Display Pro au kile kilichochukua nafasi yake kutoka Calibrite, kompyuta mpakato yenye HDMI, na programu ya HCFR, ambayo ni ya bure. Iwashe TV angalau nusu saa kabla ya kupima. Kioo baridi hutoa nyeupe tofauti. Tumia kiboksi cha kupimia kinachochukua asilimia 10 ya skrini, kwa sababu OLED hupunguza mwangaza wake yenyewe eneo jeupe likiwa kubwa, na ukipima kwa skrini nzima utakuwa unapima ulinzi wa kioo badala ya kioo. Kati ya kipimo na kipimo weka skrini nyeusi sekunde chache. Picha tuli ikikaa kwa dakika kadhaa TV huanza kujififisha taratibu, na vipimo vyako vitashuka bila wewe kujua kwa nini.

Kosa linaloharibu kazi nyingi liko kwenye kompyuta: ama inatoa ngazi za mwangaza 0 hadi 255 huku TV ikisubiri 16 hadi 235, ama kinyume chake. Dalili ni nyeusi iliyopauka kuwa kijivu, au vivuli vilivyomezwa vyote. Kwenye LG, Black Level ya Low ni ya 16 hadi 235, High ni ya 0 hadi 255. Linganisha pande mbili kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Lingine ni faili la masahihisho. Kipimo cha rangi hakiuoni mwanga kama jicho linavyouona, na kila aina ya kioo ina mchanganyiko wake wa mawimbi. C1 ina pikseli ndogo nne, nyekundu, kijani, bluu na nyeupe. Chagua kwenye programu masahihisho ya OLED ya aina hiyo. Ukiacha ya LCD, kipimo kitakupa namba nzuri na skrini yenye nyeupe ya kijani au ya waridi.

Lengo la nyeupe kwenye ramani ya rangi ya programu ni x 0.3127 na y 0.3290. Anza na marekebisho ya nyeupe ya nukta mbili, moja ya upande wa giza na moja ya upande wa mwanga. Upande wa juu, punguza rangi iliyozidi badala ya kuongeza iliyopungua, kwa sababu ukiongeza, rangi hiyo hufika kikomo mapema na maeneo meupe kabisa hupata doa la rangi. Mwangaza uwe niti (kipimo cha mwangaza) 100 kwa chumba cha giza, 120 hadi 150 taa zikiwa zimewashwa. Ndipo uingie kwenye marekebisho ya nukta 22, yaani ngazi 22 za mwangaza, ukianzia asilimia 100 na kushuka. Kosa likiwa chini ya 3 kwa kipimo cha delta E 2000 (tofauti kati ya rangi iliyopimwa na rangi sahihi), ni vigumu kulitambua kwenye picha inayotembea. Likiwa chini ya 1, acha kabisa. Chini ya asilimia 5 usihangaike: kipimo hakina mwanga wa kutosha wa kusoma, na ukilazimisha utapata vivuli vyenye ngazi ngazi badala ya kufifia kwa ulaini.

Usinakili namba za nukta 22 za TV ya mtu mwingine. Vioo viwili vya modeli moja havifanani, na namba zilizonyoosha kioo chake zinaweza kupinda chako ambacho kilikuwa karibu sawa tangu kiwandani. Mipangilio ya jumla nakili. Namba za nyeupe pima mwenyewe au ziache sifuri.

Watu wengi hurekebisha rangi kwanza, kisha wanawasha giza la fremu, halafu wanashangaa picha imekuwa na kiza na vivuli vimebadilika. Giza hukata mwangaza na kusogeza gamma. Suluhisho ni kuzitenga hali mbili za Expert: ya usiku irekebishe bila giza, kwa filamu, ya mchana irekebishe OLED Motion Pro ikiwa tayari kwenye Low au Medium, mwangaza wa OLED ukiwa umepandishwa kufidia, kwa mpira. Siku ya mechi unabadilisha hali moja tu.

Kwenye giza la fremu C1 inazishinda LCD nyingi zinazosafisha mwendo kwa kuzimazima taa ya nyuma. Taa za nyuma za LCD nyingi zenye rangi pana hutumia unga mwekundu unaong'aa (phosphor) uitwao KSF, ambao huendelea kung'aa milisekunde kadhaa baada ya taa kuzimwa, wakati bluu na kijani zimeshakufa. Matokeo yake ni mkia mwekundu nyuma ya kila kitu cheupe kinachotembea: mwendo umesafishwa, rangi imechafuka. Kwenye OLED rangi zote huzimika pamoja.

Udhaifu wake wa rangi uko kwingine. Pikseli nyeupe huongeza mwangaza wa nyeupe lakini haiongezi wa nyekundu wala bluu, kwa hiyo kwenye HDR rangi zilizokolea na zenye mwanga mkali hupauka kuliko kwenye LCD nzuri. Nyeupe ya eneo dogo hufika niti 700 na kitu; skrini nzima ikiwa nyeupe, hushuka hadi 150 au chini ya hapo. Anayeitumia kama skrini ya kompyuta ataliona hilo kila anapofungua ukurasa mweupe. Pia C1 haisomi sauti ya DTS, jambo litakalomsumbua mwenye filamu kwenye diski au flashi.

La kuunguza kioo lichukuliwe kwa uzito: nembo ya chaneli na ubao wa matokeo, vikikaa mahali pamoja kwa maelfu ya saa, huacha alama. C1 ina kinga, na kubwa kuliko zote hufanya kazi TV ikiwa imezimwa. Kila saa 4 za matumizi zikitimia, ukiizima kwa rimoti hujisawazisha pikseli kwa dakika kadhaa. Sasa fikiria tabia iliyozoeleka majumbani kwetu ya kuzima TV kwenye swichi ya ukutani usiku, kwa kuhofia radi au kuokoa umeme. Umeme ukikatwa kabla ya kazi hiyo kuisha, haifanyiki, na baada ya miezi michache mistari ya wima huanza kuonekana kwenye kijivu. Izime kwa rimoti, subiri dakika 15, ndipo uzime ukutani. Kwa umeme unaopanda na kushuka, iweke nyuma ya kilinda TV kizuri.

Ukienda kuangalia iliyotumika, beba flashi yenye picha tano ulizozitengeneza mwenyewe, za 3840 kwa 2160: kijivu cha asilimia 5, kijivu cha asilimia 50, nyekundu tupu, njano tupu na nyeupe. Omba taa za dukani zizimwe. Kwenye asilimia 5 tafuta mistari ya wima. Michache hafifu ni ya kawaida, mipana inayoonekana kutoka mita mbili ni ya kukataa. Nyekundu na njano ndizo zinazofichua nembo zilizoungua, hasa pembe za juu na ukanda wa chini wa habari. Nyeupe inaonyesha kama upande mmoja umeelekea waridi. Muuzaji akisema ataendesha usafishaji wa pikseli ili alama zitoke, mwache auendeshe mbele yako, unachukua kama saa moja, kisha rudia picha zote tano. Alama iliyobaki baada ya hapo haitatoka.